Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Tusikubali Kuuziwa Nusu ya Tiba



Ndugu zetu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo tunaomba mtuvumilie kwani maneno yetu yatakuwa makali kidogo. Jambo hili tumelinyamazia muda mrefu, na kunyamaza kwetu kumewagharimu baadhi ya watu wetu.

Kila msimu wa harusi unapokaribia, simu zetu hujaa matangazo ya namna moja. Picha mbili za mwanamke mmoja zimewekwa pamoja, ya kwanza mnene, ya pili mwembamba, na chini yake bei. Ndani ya bei hiyo mna tiketi ya ndege, hoteli ya siku tano, gari la kukupokea uwanja wa ndege, na upasuaji wa tumbo. Wanakwambia ni matundu manne au matano tu, hakuna kovu la kuonekana, siku ya pili unatembea, wiki haijaisha uko kwenu. Wapo wanaokwenda India, wapo wanaokwenda Uturuki, wapo wanaoishia Nairobi.

Hatujaona tangazo hata moja lenye picha ya tatu, ya mwanamke yule yule baada ya miaka 10, amekaa maabara anasubiri kupimwa damu. Picha hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia.

YALIYOMPATA MAMA WA MTAANI KWETU

Tuna mama mmoja mtaani kwetu, ametupa ruhusa tusimulie habari yake bila ya kumtaja jina. Alikuwa na kisukari na magoti yalikuwa yanamsumbua, hata kusali kwa kusimama ilikuwa shida. Akakusanya pesa zake, akauza na dhahabu, akaenda nje kupunguzwa mfuko wa chakula. Watu aliwaaga kwamba anakwenda kumtembelea dada yake. Hata watoto wake wakubwa hawakujua, kwa sababu alichoka kusemwa kwenye shughuli, kila sahani akiishika watu wanaitazama.

Akarudi baada ya siku tisa. Uzito ukaanza kushuka, watu wakamsifu. Lakini alikuwa anatapika, karibu kila siku, kwa wiki tano mfululizo. Mkononi alikuwa na karatasi moja ya lugha asiyoisoma na namba ya simu ya wakala ambayo haikupokelewa tena. Akaenda zahanati ya karibu, akatibiwa malaria. Akarudi, akatibiwa homa ya matumbo. Mara ya tatu akatundikiwa dripu ya glukosi, na siku zile hasa ndipo hali ikaharibika. Macho yakawa yanacheza, anaona kitu kimoja viwili, miguu haimbebi, na akaanza kuwachanganya watoto wake majina.

Waliomtibu hawakuwa wazembe. Aliwaficha upasuaji, nao hawakuwa na sababu ya kuukisia. Aliyemwokoa ni daktari kijana katika hospitali ya pili, ambaye alipompima tumbo aliona alama tano ndogo na akauliza, "Mama, hizi ni za nini?" Alipoambiwa, akamchoma vitamini B1 siku ile ile. Mtu akitapika wiki nyingi, akiba ya vitamini hiyo mwilini huisha upesi, na ubongo huanza kuumia. Ukimpa sukari ya dripu kabla ya kumpa vitamini yenyewe, unamzidishia. Macho yake yalitulia baada ya siku chache. Kutembea kulimchukua miezi. Na mpaka leo yapo mambo ya mwaka ule hayakumbuki.

Sasa tuulizane. Huyu mama alikosea wapi? Alikuwa mgonjwa wa kweli, akatafuta tiba ya kweli. Kosa la kwanza ni la waliomuuzia nusu ya tiba wakamwambia ndiyo yote. Kosa la pili ni letu sisi, tuliomfanya aone aibu mpaka akaificha.

HATUSEMI KWAMBA UPASUAJI HAUFAI

Msituelewe vibaya. Wapo watakaoichukua makala hii na kwenda kusema, "Si mmeona, ni kuchezea mwili tu, mtu mnene afunge mdomo." Hao tunawajibu kwa hesabu.

Huko Sweden, tangu mwaka 1987, madaktari waliwafuatilia watu wanene zaidi ya 2,000 waliopasuliwa na wengine zaidi ya 2,000 wanaofanana nao wasiopasuliwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopasuliwa walikufa kwa uchache kuliko wenzao. Mwaka 2020 ikahesabiwa kwamba waliongezewa umri wa kiasi cha miaka 3. Lakini hesabu hiyo hiyo ilionyesha kwamba bado waliishi miaka 5 na nusu pungufu kuliko watu wa kawaida wa nchi ile. Yaani faida ipo, na haimrudishi mtu akawa kama hakuwahi kuumwa.

Kwa kisukari, hospitali moja ya Cleveland, Marekani, iliwagawa wagonjwa 150 kwa bahati nasibu. Miaka 5 baadaye, mwaka 2017, matokeo yalikuwa hivi: katika waliotibiwa kwa dawa peke yake, watu 5 katika 100 ndio walioishusha sukari mpaka kiwango kilichokusudiwa. Waliokatwa mfuko wa chakula walikuwa 23 katika 100, na waliochepushiwa chakula 29 katika 100. Anayesema kitu hiki ni urembo tu, basi hajui anachokisema. Lakini hebu geuzeni hesabu: hata katika waliofanyiwa upasuaji ulio bora, zaidi ya 70 katika 100 hawakufika lengo. Wengi wao walipata nafuu kubwa na kupunguza dawa, ila tangazo halikusema "nafuu", lilisema "kupona".

MATUNDU MADOGO, KAZI KUBWA

Wazee wetu walisema nyumba njema si mlango. Matundu yale ya nje ni mlango tu. Ndani yake kazi ni ile ile kubwa iliyokuwa ikifanywa zamani kwa kupasua tumbo zima. Upasuaji wa matundu umeleta kheri nyingi, maumivu machache, vidonda kutooza ovyo, na mtu kuamka haraka. Lakini kinachokatwa ndani hakikupungua kwa sababu ngozi imepona vizuri.

Aina zinazojulikana zaidi ni tatu.

Ya kwanza ni kukata mfuko wa chakula. Sehemu kubwa ya mfuko, kama robo tatu au zaidi, hukatwa na kutolewa, ukabaki mrija mwembamba kama ndizi. Sehemu iliyotolewa hairudishwi. Hii ndiyo inayouzwa sana katika matangazo kwa sababu huchukua muda mfupi.

Ya pili ni kuchepusha chakula. Juu ya mfuko hutengenezwa kifuko kidogo, kikaunganishwa na utumbo wa chini, chakula kikaruka sehemu ya njia yake. Ilianzishwa na Edward Mason na Chikashi Ito huko Iowa, Marekani, miaka ya 1960, na ikaanza kufanywa kwa matundu miaka ya 1990.

Ya tatu ni mkanda wa kubana mfuko kwa juu, na hii tuisimulie kidogo kwani ina mafunzo. Aliyeuweka mkanda huo kwa matundu kwa mara ya kwanza, mwaka 1993, ni Mitiku Belachew, mtoto wa wachungaji wa Ethiopia aliyesoma mpaka akawa daktari mpasuaji Ubelgiji. Ni fahari ya Afrika. Mwaka 2001 Marekani ikauruhusu mkanda, na kwa miaka kadhaa ukatangazwa mabarabarani kama sabuni: haukati kitu, unarekebishwa, unatolewa ukitaka. Kisha miaka ikapita. Mwaka 2017 ikachapishwa hesabu ya wagonjwa 25,042 wa bima ya serikali ya Marekani waliowekewa mkanda kati ya 2006 na 2013. Watu 4,636 katika hao walirudishwa kupasuliwa tena, na kwa wastani kila mmoja wao alirudi karibu mara nne. Mkanda uliteleza, ama ulikula ukuta wa mfuko, ama haukusaidia. Leo ni wachache wanaouweka.

Fundisho ni kwamba matokeo ya miezi 12 yalikuwa mazuri, na matokeo ya miaka 10 yalikuwa kitu kingine. Basi anayetuonyesha picha ya miezi 12 tumuulize habari za miaka 10. Kwa ule wa kukata mfuko unaouzwa sana sasa, habari za miaka 10 zipo. Madaktari wa Finland waliwafuatilia watu 240, na mwaka 2022 wakatoa majibu. Waliokatwa mfuko walikuwa wamepunguza kiasi cha asilimia 43 ya uzito uliozidi, na waliochepushiwa asilimia 51. Lakini walipochunguzwa koo la chakula, 31 katika 100 ya waliokatwa mfuko walikuwa na michubuko ya asidi inayopanda juu, na kwa wenzao ni 7 katika 100. Mwenye kiungulia kikali akiuziwa upasuaji huu bila ya kuulizwa wala kuchunguzwa, huyo hakutibiwa, amefanyiwa biashara.

MADHARA YENYEWE

Tuyataje kwa utulivu, bila ya kutishana.

Katika siku 30 za mwanzo yako manne ya kuogopwa: damu kuvuja ndani, mshono kuachia na chakula kuvujia tumboni, damu kuganda kwenye miguu na kukimbilia mapafuni, na mrija kuziba. Hesabu ya Marekani ya mwaka 2009, ya wagonjwa 4,776, ilikuta kwamba walikufa 3 katika kila 1,000 ndani ya siku 30, na kiasi cha 43 katika kila 1,000 walipatwa na dhara kubwa. Hizo ni hospitali zilizochaguliwa kwa uzoefu wao. Si hesabu ya kila mwenye chumba cha upasuaji na ukurasa wa matangazo.

Mshono unaweza kuachia baada ya mgonjwa kutoka hospitali, na pengine wiki ya pili. Wakati huo mteja wa tangazo yumo ndani ya ndege ama keshafika nyumbani. Dalili zake ni moyo kwenda mbio, homa, maumivu ya tumbo ama ya bega la kushoto, na pumzi fupi. Moyo ukienda mbio zaidi ya 120 kwa dakika bila ya kutulia, usisubiri asubuhi.

Baada ya hapo huja ya miezi na miaka. Vijiwe vya nyongo, kwa sababu uzito umeshuka haraka. Kwa waliochepushiwa, utumbo huweza kuingia kwenye upenyo wa ndani na kujinyonga, hata miaka kadhaa baadaye. Maumivu huja na kuondoka, picha ya eksirei ya kawaida ikaonekana safi, na utumbo unakufa. Upungufu wa madini ya chuma, hasa kwa wanawake. Upungufu wa vitamini B12, ambao hujificha kwa sababu ini lina akiba ya muda mrefu, kisha ganzi huanza miguuni. Kalsiamu na vitamini D hupungua na mifupa ikadhoofika. Ndiyo maana mtu huyu anameza vitamini maisha yake yote na kupimwa damu kila mwaka, hata akijisikia mzima.

Na liko moja la dukani kwetu. Vidonge vya maumivu aina ya diklofenaki na ibuprofeni tunavinunua bila ya cheti cha daktari. Kwa aliyechepushiwa chakula, vidonge hivyo ni adui, huchimba vidonda pale palipounganishwa, na vidonda hivyo hutoboka. Ajue kusema kila aendapo, "Nimefanyiwa upasuaji wa tumbo, nipe parasetamoli."

Nalo la mwisho ni la moyo. Huko Ontario, Kanada, waliwafuatilia wagonjwa 8,815, na mwaka 2016 wakaripoti kwamba matukio ya watu kujidhuru yaliongezeka kwa kiasi cha nusu baada ya upasuaji kuliko kabla yake. Ni wachache, lakini wapo. Mtu alidhani uzito ndio huzuni yake yote, uzito ukaondoka na huzuni ikabaki. Tumkalie karibu, tusimwambie tu kwamba amependeza.

NUSU INAYOFICHWA

Sasa tunaingia kwenye ugomvi wetu. Upasuaji wenyewe ni kama saa moja au mbili. Tiba ni miaka yote iliyobaki. Ndani yake mna daktari wa kufuatilia, mtu wa lishe, maabara, vitamini za kila siku, na mtu wa kumpigia simu usiku. Anayekuuzia saa moja na kukuacha na miaka 30 peke yako amekuuzia nusu, na hiyo nusu aliyokuuzia ndiyo rahisi.

Watajibu kwamba bei zao ni nafuu, maskini naye apate. Tunawauliza: maskini ndiye anayeweza kurudi kwa ndege akitapika? Mwenye uwezo akipata dhara atapanda ndege. Asiye na uwezo ataletwa zahanati ya mtaani, na familia ndiyo itakayolipa. Mchuma janga hula na wa kwao.

Na msidhani ni sisi Waafrika peke yetu tunaopatwa. Mwanzoni mwa mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Marekani iliwaonya raia wake waliokuwa wakivuka mpaka kwenda Tijuana, Mexico, kufanyiwa upasuaji huu kwa bei rahisi, kwani baadhi yao walirudi na vijidudu vya vidonda visivyosikia dawa nyingi. Ikiwa wao wenye hospitali kila kona walitahayari, sisi je?

Hatusemi mtu asisafiri. Hospitali bora za nje zipo, na katika ukanda wetu vituo vyenye timu kamili ya kazi hii ni vichache. Tunasema asisafiri kabla ya kupata daktari wa nyumbani aliyekubali kumpokea akirudi. Daktari huyo apatikane kwanza, tiketi baadaye.

KWA UPANDE WA IBADA

Masuala ya halali na haramu tunawaachia masheikh wetu. Ila sheikh anayeulizwa lazima apewe habari kamili, faida na madhara, ndipo apate kujibu. Ukimpelekea tangazo, atakujibu juu ya tangazo.

Mambo matatu yaulizwe mapema. La kwanza, sindano za kuzuia damu isigande: heparini na jamaa zake nyingi hutokana na utumbo wa nguruwe. Ipo dawa nyingine ya kutengenezwa maabara, fondaparinaksi, basi mgonjwa aulize kabla. Asije akaijua habari hii kitandani akakataa sindano, kwani damu kuganda ni katika vinavyoua zaidi baada ya upasuaji huu. La pili, vidonge vya vitamini vyenye ganda la jelatini. Ulizeni asili yake, na mkitilia shaka tafuteni vya kutafuna au vya unga.

La tatu ni Ramadhani. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta saumu ni kiasi cha saa 13 na zaidi mwaka mzima. Aliyekatwa mfuko hawezi kunywa glasi mbili kwa mpigo. Hunywa kidogo kidogo, na hanywi pamoja na chakula. Anahitaji kama lita moja na nusu ya maji. Toa muda wa kula, toa Tarawehe, toa usingizi, hesabu saa zilizobaki, utaona kwa nini madaktari humwambia asifunge miezi ya mwanzo, na pengine mwaka mzima. Hata akishapata ruhusa, aliyechepushiwa akifungua kwa juisi, kaimati na tende nyingi, sukari hushuka ghafla kwenye utumbo: jasho, moyo kupiga, kuhara, kizunguzungu. Na mwenye kisukari aliyerudi na dozi yake ya zamani ya insulini anaweza kuanguka, kwani mahitaji yake hushuka ndani ya siku chache tu. Uzoefu wa jirani usimtoshe mtu, aende kwa daktari wake na sheikh wake wote wawili.

MABIBI HARUSI WETU

Hapa ndipo tunapokasirika zaidi. Tumesikia mabinti wa kilo 72 na urefu wa sentimita 160 wanatafutiwa upasuaji ili gauni likae vizuri. Tangu mwaka 1991 kanuni iliyofuatwa na wengi ilikuwa BMI ya 40, ama 35 kwa mwenye maradhi. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa fani hii vikashusha mpaka 35, na 30 kwa mwenye kisukari na maradhi ya namna hiyo. Kwa urefu wa sentimita 160, BMI ya 35 ni kilo 90 hivi, na ya 30 ni kilo 77. Binti wa kilo 72 hayumo popote. Atakayempasua huyo amefuata pesa.

Na tuhesabu miezi. Mwanamke aliyepasuliwa huambiwa asibebe mimba kwa mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu angalau, kwani mwili wake bado unapungua. Uzito ukishuka, mimba hushika kwa wepesi zaidi, na vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri kwa aliyechepushiwa. Sasa mnampasua miezi mitatu kabla ya ndoa, halafu baada ya fungate mnaanza kumuuliza, "Vipi, bado?" Utafiti wa Sweden wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba waliopasuliwa walipata kisukari cha mimba kwa uchache mkubwa, karibu 2 katika 100 badala ya 7. Lakini watoto waliozaliwa wadogo kuliko umri wa mimba walikuwa karibu 16 katika 100 badala ya 8. Zote mbili ni kweli, na zote mbili bibi harusi ana haki ya kuzijua kabla.

Akina mama na mashangazi, maneno mnayoyasema mbele ya sahani ya binti ndiyo yanayompeleka kwa wakala kwa siri. Mama yule wa mtaani kwetu hakufichwa na daktari, alifichwa na aibu.

NA SINDANO JE?

Wengine watasema zama za visu zimepita, siku hizi kuna sindano. Kweli, Marekani iliiruhusu semaglutidi kwa ajili ya uzito mwaka 2021, na inasaidia wengi. Lakini mwaka 2022 ilionekana kwamba walioiacha walirudisha karibu theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja. Ni mtego ule ule kwa sura nyingine. Unene ni maradhi ya muda mrefu, na tiba isiyo na ufuatiliaji, iwe kisu iwe sindano, ni nusu.

ULIZENI HAYA KABLA YA KUTOA PESA

1. Ni upasuaji wa aina gani, na kwa nini huo kwangu mimi?
2. Wagonjwa wenu wa miaka 5 iliyopita wako katika hali gani, na wangapi mnajua habari zao?
3. Mtachunguza koo na mfuko wangu kabla?
4. Nikivuja siku ya 12 nikiwa kwetu, nani atanipokea?
5. Ripoti ya upasuaji nitapewa kwa lugha anayoisoma daktari wangu?
6. Vitamini na vipimo vya kila mwaka ni kiasi gani, na nitavipata wapi?

Asiyejibu la pili na la nne, msimpe hata shilingi.

Kwa familia tunaongeza haya: jueni jina la upasuaji, hifadhini ripoti, na piga picha ya ripoti hiyo iwe kwenye simu za watu wawili. Akitapika zaidi ya siku mbili tatu, apelekwe hospitali na isemwe wazi, "Amepasuliwa tumbo, mpeni vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari." Sentensi hiyo moja ingemwokolea mama yule miezi yake. Wanafunzi wetu mlioko vyuo vya udaktari na uuguzi, mkiona alama tano ndogo tumboni, ulizeni.

Kwa hakika mwili ni amana, na amana haikabidhiwi kwa mtu usiyejua utampata wapi kesho. Mgonjwa anayestahili upasuaji huu tumsaidie apate ulio kamili, hata kama itabidi achangiwe na kungoja mwaka. Na anayeuza nusu tumnyime mteja.

Wabillahi tawfiq.